Sanduku la Maswali: Amani chanya, kutoka darasani hadi uwandani

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaosoma ujenzi wa amani katika ngazi ya uzamili, au wanaojiandaa kuomba nafasi, watuandikie yanayowatatiza. Barua zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia, nataka kuanza uzamili. Kila andiko ninaloshika linataja "amani hasi" na "amani chanya". Je, amani hasi ni amani mbaya? Na vita vikishaisha, kumebaki nini cha kusomea miaka miwili?

JIBU: Si mbaya hata kidogo, Mwalimu. Neno "hasi" hapa lina maana ya kutokuwepo kwa kitu: bunduki zimenyamaza, hakuna anayeuawa. Hilo ni jambo kubwa, na mtu aliyelala vichakani na watoto akikimbia mapigano hahitaji kuambiwa thamani yake.

Tofauti hiyo iliingia kwenye taaluma kupitia Johan Galtung, mwanasosholojia wa Norwe, mwaka 1964. Mwaka 1969 akaongeza wazo la ukatili wa kimuundo. Mtoto akifa kwa ugonjwa wenye tiba kwa sababu watu wa kabila lake au wa tabaka lake hawakuwahi kupewa zahanati, hakuna aliyemkaba koo, lakini amekufa, na kifo chake kingeweza kuzuilika. Mwaka 1990 akaongeza ukatili wa kitamaduni, yaani mafundisho, misemo na hata vitabu vya shule vinavyoifanya dhuluma ionekane ni jambo la kawaida. Kwa maelezo hayo, amani chanya ni pale miundo na mazoea ya namna hiyo yanapoondoka, na mahali pake pakawa na mahusiano na taasisi ambazo watu huzitegemea wanapogombana.

Tazama Belfast, Ireland ya Kaskazini. Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu ulitiwa saini mwaka 1998 na mauaji yakapungua sana. Hata hivyo kuta zinazotenganisha mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti bado zipo, na watoto wengi husoma shule ambazo hawakutani na wenzao wa upande wa pili. Miaka yako miwili ina kazi hapo: ukuta huo unalinda nini, unazuia nini, nani anautaka ubaki, na kitu gani kingewafanya wanaoishi kando yake wakubali ubomolewe.

Tahadhari moja. Usimsome Galtung peke yake. Mwanauchumi na mtafiti wa amani Kenneth Boulding alimkosoa mwaka 1977, na hoja yake bado ina uzito: ukiita kila dhuluma "ukatili", neno linapanuka hadi halikusaidii kutofautisha chochote. Mtahini mzuri atakuuliza hilo, nawe uwe umeshachagua msimamo.

SWALI: Shahada yangu ya kwanza ni ya uuguzi. Nimefanya kazi miaka sita, minne kati ya hiyo kambini kwa wakimbizi. Nitapokelewa? Na barua ya kueleza nia niiandikeje?

JIBU: Utapokelewa, dada. Fani hii hukusanya wanasheria, walimu, wauguzi, wanajeshi wastaafu na wahandisi wa maji. Kamati za udahili huangalia mambo mawili: kama unaweza kuandika kitaaluma, na kama una swali.

Kwanza jua unaomba nini. Stashahada ya uzamili kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na inamfaa mtu aliye kazini. Uzamili huchukua mwaka mmoja hadi miwili na mara nyingi huishia kwenye tasnifu. Vyuo navyo vina tabia tofauti. Uppsala, Sweden, wamejikita katika takwimu za migogoro. Bradford, Uingereza, ambako idara ya masomo ya amani ilianza mwaka 1973, wana mila ndefu ya usuluhishi na utendaji. Makerere wana kozi ya watu walio kazini chini ya ufadhili wa Rotary, mtandao wa kimataifa wa vilabu vya kujitolea. Ufadhili huo kwa ngazi ya uzamili hudai uzoefu wa kazi wa miaka mitatu, na kwa kozi fupi ya cheti miaka mitano, kwa hiyo wewe unaangukia pande zote mbili. Soma masharti ya mwaka unaoomba, usitegemee ya mwaka jana.

Barua zinazokataliwa zinafanana: "Tangu utotoni nimekuwa nikipenda amani." Hakuna asiyeipenda. Anza na tukio moja la kazini lililokushinda kulielewa. Kwa mfano: akina mama wa jamii mbili zilizopigana wanapanga foleni moja ya kliniki bila shida, lakini kwenye kisima wanagombana. Kwa nini kliniki na si kisima? Andika aya moja ya tukio, moja ya swali, na moja ya kwa nini kozi hii, ukitaja somo au mtafiti wa chuo hicho kwa jina. Kurasa mbili zinatosha.

SWALI: Msimamizi amenirudishia mada mara tatu. Ni "Mchango wa wanawake katika ujenzi wa amani". Anasema ni pana. Nimeipunguza kwa kuongeza jina la mkoa, bado anakataa. Anataka nini?

JIBU: Anataka swali, ndugu yetu, nawe umempa kichwa cha habari. Jina la mkoa limepunguza ramani tu, fikra imebaki pana vilevile. Tena neno "mchango" limeshajibu kabla hujauliza: ukienda uwandani kutafuta mchango, utaupata, kwa sababu hakuna mahali ambapo wanawake hawajachangia kitu.

Ukitaka kuona tofauti, chukua Wajir, kaskazini mwa Kenya, mapema miaka ya 1990, wakati koo zilipokuwa zikiuana. Mtu anaweza kuandika kwamba wanawake "walichangia amani", nasi tusijue lolote. Lakini ukieleza kwamba kundi la wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni, wakakubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote auze na kununua bila kubughudhiwa, na wakaweka utaratibu wa kufuatilia kama hilo linatekelezwa, kisha ndipo wakawaendea wazee na vijana, hapo kuna kitu cha kuchunguza. Kwa nini soko? Kwa nini wazee baadaye? Je, lingewezekana kama wanawake wenyewe hawakuwa wameolewa katika koo tofauti na za kuzaliwa kwao?

Sasa rudi kwenye mada yako uijibie mambo manne: wanawake gani hasa, walifanya tendo gani, wapi na kati ya miaka ipi, na unawalinganisha na nini. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Matokeo yanaweza kuwa hivi: "Je, kamati za usuluhishi za vijiji zenye wanawake watatu au zaidi hushughulikia migogoro ya ardhi ya wajane kwa namna tofauti na kamati zenye mwanamke mmoja?" Swali hili linaweza kujibiwa "hapana", na hiyo ndiyo dalili kwamba ni swali la utafiti. Pia limegusa amani chanya bila kulitaja neno lenyewe: ardhi ya mjane ni muundo, si ugomvi wa siku moja.

Kabla ya kumpelekea msimamizi, andika kwenye karatasi sentensi moja: "Nitajua nimekosea iwapo nitakuta kwamba…" Ikikushinda kuimalizia, swali bado halijaiva.

Halafu piga hesabu ya muda, maana hapa wengi huzama. Tasnifu ya uzamili yenye mahojiano ya kina 20 hadi 30 ni ya kawaida. Tuseme 25, kila moja dakika 45: hizo ni karibu saa 19 za sauti. Saa moja ya sauti hunukuliwa, yaani kuandikwa neno kwa neno, kwa saa nne hadi sita za kazi, kwa hiyo una saa 75 hadi zaidi ya 110 za kunukuu tu, bila kutafsiri wala kuchambua. Anayepanga mahojiano 60 "ili matokeo yawe na uzito" huishia kunukuu nusu na kusoma hiyo nusu juujuu. Nukuu kila baada ya mahojiano matatu manne ukiwa bado uwandani. Utaona maswali yako yaliyo butu mapema, wakati bado yanarekebishika.

SWALI: Nataka kupima amani chanya katika wilaya moja. Naweza kutumia takwimu za vielezo vya amani vya kimataifa?

JIBU: Kwa kuweka mandhari, ndiyo. Kwa kuisemea wilaya, hapana.

Kielezo cha amani duniani (Global Peace Index), orodha inayozipa nchi alama za amani, kinachotolewa na Institute for Economics and Peace ya Sydney tangu 2007, hutumia viashiria 23, na alama ndogo ndiyo yenye amani zaidi. Wapo waliosoma jedwali kinyume wakajenga sura nzima juu ya kosa hilo. Taasisi hiyohiyo ina kielezo cha amani chanya chenye nguzo nane: serikali inayofanya kazi, mgawanyo wa haki wa rasilimali, habari kupita bila vizuizi, ujirani mwema, elimu na afya za watu, kuheshimu haki za wengine, rushwa kuwa chini, na mazingira mazuri ya biashara. Nguzo hizo zinafaa kama orodha ya kujikumbusha. Lakini alama ni za nchi nzima, na nchi yenye alama nzuri inaweza kuwa na bonde moja ambalo watu hawalali. Usilinganishe pia nafasi ya nchi mwaka hadi mwaka: nchi inaweza kupanda nafasi tano bila kubadilika, kwa sababu tu jirani zake wameanguka. Tazama alama.

Takwimu za vifo nazo zina mlango wake. Kanzidata ya Uppsala huhesabu mgogoro wenye silaha kuanzia vifo 25 vya mapigano kwa mwaka. Mtafaruku uliowaua watu kumi na wawili hautafikia kizingiti hicho, ilhali kijijini kwao ndio uliobadilisha kila kitu. Na sifuri nayo iulize maswali. Huenda hakuna tukio lolote lililoripotiwa kwa sababu upande mmoja ulishahama.

Kwa ngazi ya wilaya au kijiji tunashauri viashiria vinavyotoka kwa wakazi wenyewe, njia iliyoendelezwa na watafiti Pamina Firchow na Roger Mac Ginty. Kaa na vikundi vidogo vya watu wanane hadi kumi, wanawake peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao. Usiulize "amani ni nini?", kwa sababu utapewa hotuba. Uliza: "Ukiamka asubuhi, unajuaje kwamba mambo ni shwari? Unaona nini, unasikia nini?" Utasikia kwamba wasichana wanakwenda kuteka maji bila kusindikizwa, kwamba mlango wa duka hufungwa saa mbili usiku badala ya saa kumi na mbili jioni, kwamba watu wa upande wa pili wamehudhuria mazishi. Andika kila kitu kwa maneno yao, rudi na orodha mbele ya mkutano mpana zaidi, wapunguze na kupiga kura. Vitakavyobaki, kumi hadi kumi na tano, ndivyo utakavyoviweka kwenye hojaji.

Kasoro ya njia hii uiseme wazi katika tasnifu: viashiria vya kijiji kimoja havilinganishiki moja kwa moja na vya kingine, na wenye sauti mkutanoni wanaweza kuviondoa vya wanyonge. Ndiyo maana vikundi vitenganishwe kwanza.

SWALI: Nitawahoji watu waliopoteza ndugu. Nina fomu ya ridhaa na kibali cha maadili. Hiyo inatosha?

JIBU: Haitoshi, na tunashukuru umeuliza. Kibali kinakulinda wewe na chuo chako. Kumlinda anayekupa habari ni kazi nyingine.

Anza na njia unayomfikia. Ukipelekwa nyumbani kwake na kiongozi wa mtaa, ameshajulikana kwamba amehojiwa, na huenda kiongozi huyo ndiye angetaka kumlalamikia. Tafuta njia mbili tatu za kuingilia: kikundi cha kuweka na kukopa, zahanati, msikiti au kanisa. Mwache achague mahali na saa. Ridhaa iombwe kwa mdomo kwa lugha anayoielewa, na irudiwe katikati: "Tuendelee, au tupumzike?" Mahali ambapo karatasi yenye sahihi ni hatari, omba kamati ya maadili ikuruhusu ridhaa ya mdomo.

Huhitaji kumuuliza nani aliua. Utafiti wako unahusu namna wanavyoishi pamoja sasa, basi uliza ya sasa: wananunua wapi, wanasaidiana nini, wanaepukana lini. Akiyaleta ya zamani mwenyewe, msikilize. Usimkatishe ili urudi kwenye orodha yako. Akianza kutetemeka au kunyamaza ghafla, zima kinasa sauti, baki naye. Uwe na namba ya mshauri nasaha au muuguzi ambaye umeshaonana naye na amekubali kupokea watu, na usiahidi fidia wala kesi.

Kwenye data, orodha ya majina halisi na majina ya bandia ikae mbali na nakala za mahojiano, na faili zote ziwe na nywila. Sauti ihamishwe kutoka kwenye simu siku hiyohiyo na ifutwe humo, kwa sababu kinachopotea au kukaguliwa barabarani ni simu.

Na hapa ndipo hata watafiti makini huteleza. Wameficha jina, halafu wakaandika "mjane wa miaka 50, mwenye duka pekee njia panda, aliyepoteza wana wawili". Mtu yeyote wa pale anamjua. Badilisha au uondoe maelezo mpaka wakazi wenyewe wasiweze kumtambua, kisha mpe mtu wa eneo hilo unayemwamini asome aya hiyo uliyokwisha kuibadilisha. Akisema "huyu ni fulani", futa zaidi.

SWALI: Nahoji kwa Kiswahili, naandika kwa Kiingereza. Msimamizi anasema tafsiri yangu "imelainisha" majibu. Nifanyeje?

JIBU: Ana haki ya kulalamika, na hili tunalipenda kwa sababu wenye Kiswahili tuna utajiri ambao tunautupa wenyewe. Neno moja la Kiingereza la kurudiana baada ya ugomvi (reconciliation), sisi tunalo kwa sura tatu nne. Maridhiano yametoka kwenye kuridhia: kila upande umekubali moyoni. Upatanisho umebeba mtu wa tatu, kwa sababu kupatanisha ni kuwafanya wengine wapatane. Mapatano yanaweza kuwa ya mdomo au ya karatasi tu. Na suluhu, ambayo kwenye usuluhishi ni heshima, kwa kijana anayefuata mpira ni sare: timu zimetoka suluhu, hakuna aliyeshinda. Kijana akikuambia "tulitoka suluhu", muulize. Huenda anakueleza kwamba mchezo utarudiwa.

"Haki" nayo hubeba mambo mawili ambayo Kiingereza hutenganisha: kile ninachostahili, na uadilifu wa hukumu. Mama akisema "sikupata haki", huenda hakupewa shamba, au huenda shauri lilisikilizwa kwa upendeleo, au vyote. Na "amani" yenyewe mara nyingi hutumika kwa utulivu wa moyo: "sina amani" haina maana kwamba kuna vita.

Kwa hiyo chambua kwa Kiswahili. Simba data, yaani weka alama za maana pembeni ya maandishi, ukiwa na maneno ya asili mbele yako, na utafsiri yale tu utakayoyanukuu. Maneno ya msingi, pengine matano hadi manane, yaache kwa Kiswahili ndani ya tasnifu na uyaeleze yanapotokea mara ya kwanza. Nukuu kama kumi mpe mtu mwingine azitafsiri bila kuona tafsiri yako, mkae, mbishane pale mnapotofautiana. Mabishano hayo yaandike. Yanaweza kukupa nusu ya sura ya uchambuzi.

SWALI: Nikimaliza, ajira ziko wapi?

JIBU: Nyingi ziko kwenye mashirika ya kimaendeleo, ofisi za Umoja wa Mataifa, serikali za mitaa na miradi ya dini, na mara nyingi tangazo halitaji neno amani. Tafuta "afisa ufuatiliaji na tathmini", "afisa ushirikishwaji jamii", "mratibu wa usuluhishi wa ardhi". Kwa hiyo chukua somo la tathmini hata kama si la lazima, na jifunze kuandika nadharia ya mabadiliko kwa sentensi moja: ikiwa tutafanya hiki, basi kitatokea kile, kwa sababu hii. Sehemu ya "kwa sababu" ndiyo waombaji wengi huiacha tupu, na ndiyo msaili atakayoibana. Mwisho, punguza tasnifu yako iwe kurasa mbili kwa lugha ya wale uliowahoji, uwapelekee wao kwanza, kisha uiambatanishe kwenye maombi ya kazi.